Muuguzi wa Kenya, kazi ya kutunza wazee Ujerumani: mikataba miwili mezani, upi una mtego?

NesiWaTaita

Habari zenu wakuu. Naomba majibu ya wanaoijua Ujerumani kwa undani wa makaratasi na sheria.

Hali yenyewe: diploma ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii), leseni hai ya Nursing Council of Kenya, miaka minne wodini, Kijerumani B1, umri miaka 31. Kuna nafasi mbili.

Ya kwanza ni Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yenye malipo, ya uuguzi ya miaka mitatu. Wakala anataka KSh 350,000 "ya nafasi", na tiketi ni juu yangu.

Ya pili ni nyumba ya wazee katika jimbo la Thüringen. Nitaanza kama msaidizi wa uuguzi mpaka cheti changu kitambuliwe. Mwajiri analipia tiketi na ada za serikali, na chumba anatoa yeye. Lakini mkataba unasema nikiondoka kabla ya miaka mitatu, "kwa sababu yoyote ile", nirudishe euro 9,000.

Maswali yangu: nishike upi? Thüringen ndiko chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilikoongoza uchaguzi wa jimbo Septemba 2024. Je, ubaguzi ukinikuta kazini nina kinga gani ya kweli? Na makato ya pensheni yanakwenda wapi nikirudi nyumbani?

---

KaratasiKwanza

Dada, mkataba wa kwanza uache ulivyo. Wewe ni muuguzi tayari. Ausbildung ni ya kumfundisha mtu uuguzi kuanzia mwanzo, na ukiimaliza unapata cheti kilekile ambacho ungeweza kukipata kwa njia ya kutambuliwa (wao huiita Anerkennung) ndani ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika hospitali za umma mwaka 2025 alilipwa karibu euro 1,400 kabla ya makato. Muuguzi aliyetambuliwa, kima cha chini cha sekta ya utunzaji kilichoanza Julai 2025 kilikuwa euro 20.50 kwa saa. Kwa wiki ya saa 39 hiyo ni karibu euro 3,480 kwa mwezi. Piga hesabu ya tofauti kwa mwaka mmoja tu uone unachopoteza.

Kuhusu hiyo KSh 350,000: sheria ya Ujerumani, SGB III kifungu cha 296a, inasema ada ya kumtafutia mtu nafasi ya Ausbildung inaweza kudaiwa kwa mwajiri peke yake. Ada ya shule ya lugha au ya kutafsiri vyeti ni jambo lingine, na kila moja iwe na risiti yake. Hata huyo wa pili, kama kuna wakala katikati, hakikisha jina lake lipo kwenye orodha ya National Employment Authority, na muulize kama ana alama ya ubora ya "Faire Anwerbung Pflege Deutschland". Wenye alama hiyo wamejifunga kutomtoza muuguzi chochote.

Sasa njia ya pili inavyokwenda. Ombi la kutambuliwa hupelekwa kwa mamlaka ya jimbo utakakofanya kazi, kwa sababu hakuna ofisi moja ya nchi nzima inayoamua. Kabla hujalipa popote, wasiliana na ZSBA iliyoko Bonn. Ni huduma ya serikali kwa watu walio nje ya Ujerumani, ushauri ni bure, na watakuambia mamlaka ipi inahusika na inataka nini.

Faili nyingi za Kenya zinakwama kwenye transkripti. Zetu zinaonyesha alama, wakati wao wanatafuta saa. Rudi chuoni uombe barua yenye mhuri inayotaja, kwa kila somo, saa za darasani na saa za mazoezi: upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili, jamii, na hasa utunzaji wa wazee, maana hapo ndipo upungufu huandikwa mara nyingi. Angalia pia majina. Kama pasi ina majina matatu na cheti kina mawili, au mpangilio umegeuka, shughulikia hati ya kiapo sasa hivi ukiwa bado Nairobi. Tafsiri zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa mahakamani Ujerumani. Tafsiri za vichochoroni zinarudishwa, na unalipa mara ya pili.

Tangu 2024 huhitaji kungoja wakulinganishie masomo yako yote. Unaweza kuachana na ulinganisho huo na kuchagua moja kwa moja: mtihani (Kenntnisprüfung) au kozi ya kujazia (Anpassungslehrgang). Mtihani una sehemu ya mdomo na ya vitendo, na kila sehemu ukianguka unairudia mara moja tu. Kozi ni ndefu zaidi, na inafungwa kwa mazungumzo ya tathmini badala ya mtihani wa kufaulu au kufeli. Mwenye miaka minne wodini anaweza mtihani, kazi ya mikono haitakuangusha. Kinachoangusha ni lugha: kutoa ripoti ya zamu kwa dakika tano, kuandika kwenye faili la mgonjwa, kumweleza daktari kwa simu kwamba presha imeshuka na tangu saa ngapi. Kupata cheti cha mwisho utahitaji B2 (ngazi ya lugha inayofuata B1), au mtihani wa lugha ya uuguzi katika majimbo yanayoutumia. Ukiwa na B1 leo, mwajiri asiyetaja kozi ya B2 ndani ya mkataba, na kama saa hizo zinalipwa au la, hajajipanga kukusaidia utambuliwe. Anataka msaidizi wa bei nafuu.

Mwambie mwajiri atumie utaratibu wa haraka wa kifungu 81a cha sheria ya ukaaji wa wageni. Anaufungua yeye kwa barua yako ya uwakilishi kwenye ofisi ya wageni, ada euro 411. Makaratasi yakikamilika mamlaka ya kutambua ina miezi miwili kuamua. Baada ya idhini ya awali, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu na kwa kawaida kujibu ndani ya wiki tatu nyingine.

---

WakiliWaWafanyakazi

KaratasiKwanza amemaliza upande wa cheti. Mimi nitagusa euro 9,000, kisha ubaguzi.

Maneno "kwa sababu yoyote ile" ndiyo yanayokiua kifungu hicho. Mahakama ya kazi ya shirikisho imerudia mara nyingi kwamba kifungu cha kurudisha gharama lazima kitofautishe sababu za kuondoka. Ukiondoka kwa kosa la mwajiri, mfano halipi mshahara kamili au anakutukana, hawezi kukudai. Kifungu kisichotofautisha kinaanguka chote, wala mahakama haikipunguzi ili kibaki nusu. Hata hivyo usisaini ukitegemea kuja kushinda kesi. Andika sasa, kwa barua pepe, uombe mambo manne: sababu zitofautishwe, deni lipungue kila mwezi (1/36 kwa kila mwezi uliofanya kazi), kila gharama itajwe kwa kiasi chake badala ya jumla ya kubandika, na gharama ambazo ni wajibu wa mwajiri ziondolewe. Mwajiri mwaminifu atarekebisha ndani ya wiki. Anayekasirika kwa barua hiyo amekupa jibu lako.

Chumba kiwe na mkataba wake mbali na wa kazi. Vikiwa karatasi moja, siku ya kuachishwa kazi ni siku ya kulala nje, na bila anwani iliyosajiliwa hata ofisi ya wageni inakusumbua.

Sasa ubaguzi. Sheria ni AGG, ya kuzuia ubaguzi, ya mwaka 2006. Watu wengi wanafikiri inahusu bosi tu. Kifungu cha 12 kinamlazimisha mwajiri akukinge pia na watu wa tatu: wazee unaowahudumia, ndugu zao, wageni. Kila mwajiri lazima awe na mahali pa kupeleka malalamiko, ayachunguze, na akuambie matokeo (kifungu 13). Na huruhusiwi kuadhibiwa kwa kulalamika.

Mtego ni muda. Fidia lazima idaiwe kwa maandishi ndani ya miezi miwili tangu ulipojua tukio. Baada ya barua hiyo, kesi ifunguliwe ndani ya miezi mitatu. Anayesema "nivumilie kwanza mpaka probation iishe" anaamka mwezi wa saba haki imekwisha. Probation kwa kawaida ni miezi sita, na muda wa AGG hausubiri. Ukiachishwa kazi, kuipinga barua hiyo mahakamani ni wiki tatu tangu uipokee. Ofisi ya wageni nayo iarifiwe ndani ya wiki mbili, maana kibali chako kimefungwa na mwajiri huyo. Kuachishwa kazi hakumaanishi kufukuzwa nchini siku hiyo. Kunyamaza ndiko kunakoharibu.

Ushahidi: daftari lako mwenyewe, si la kazini. Tarehe, saa, chumba namba ngapi, maneno yaliyosemwa kwa Kijerumani kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo, ulimwambia nani na alijibu nini. Kifungu cha 22 kinakusaidia: ukileta dalili zinazoonyesha ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kinyume unamhamia mwajiri. Ila usirekodi sauti kwa siri. Kifungu cha 201 cha sheria ya jinai kinaifanya hiyo kuwa kosa lako, na kesi nzuri inageuka dhidi yako.

Ubaguzi mwingi hauji kwa matusi. Unakuja kwenye ratiba. Wewe unapewa kuogesha na kubadilisha pampasi miezi sita mfululizo, na mwenzako aliyeingia baada yako anafundishwa dawa na nyaraka. Hilo ni zito kuliko tusi la mtu mmoja, kwa sababu bila dawa na nyaraka hutafaulu mtihani, na usipofaulu unabaki na mshahara wa msaidizi. Hifadhi nakala za ratiba kila wiki, maana ndizo zitakazoonyesha mpangilio.

Kabla hujasaini uliza kama kuna Betriebsrat, yaani baraza la wafanyakazi. Nyumba za Caritas na Diakonie ni za kanisa, wao wana Mitarbeitervertretung, baraza lao la aina hiyo. Baraza linaweza hata kudai mfanyakazi mwenye vitendo vya kibaguzi ahamishwe au aondolewe. Jiunge na chama cha wafanyakazi cha ver.di mapema, ada ni asilimia 1 ya mshahara, na usingoje tatizo lizuke ndipo ujiunge. Ushauri wa bure kwa wafanyakazi kutoka nje unapatikana kila jimbo katika vituo vya "Faire Integration".

---

NesiWaTaita

Asanteni sana. Na mzee mwenye dementia (ugonjwa wa kusahau) akikataa nisimguse kwa sababu ya rangi? Hapo nani alaumiwe, na zamu inaendaje?

---

MamaWaZamu

Hilo litakukuta, nesi, kwa hiyo ujue hatua zake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umebisha, umeingia na beseni, mzee anavuta blanketi mpaka kidevuni na kusema "Nicht die!", huyu sitaki. Usibishane wala usimshike kwa nguvu, kwani kumwosha mtu aliyekataa ni kosa kwa rangi yoyote ya mhudumu. Angalia usalama kwanza: reli ya kitanda, kengele iko mkononi, hajalowa. Toka, rudi baada ya dakika kumi na tano. Mara nyingi ameshasahau, na ukianza na taulo ya uvuguvugu usoni badala ya kumfunua, anakubali. Akikataa tena mwambie kiongozi wa zamu, muingie wawili, mwenzako aanze na wewe uendelee.

Kisha andika kwenye faili neno kwa neno: saa 12:30, mkazi alikataa kuogeshwa, alisema hivi na hivi, jaribio la pili saa 12:45, matokeo haya. Usiandike "mbaguzi", andika maneno yake. Likirudiarudia, omba kikao cha timu kuhusu mkazi huyo. Ugonjwa unaondoa breki za ulimi, na wapo wanaotukana hata watoto wao wa kuzaa, kwa hiyo hukumu ya moyo kwa mzee iwe ya huruma. Lakini ugonjwa wa mkazi haumwondolei mwajiri wajibu wake kwako. Kiongozi anayesema "ndivyo walivyo, zoea" amekiuka sheria, mzee hajakiuka.

Tofautisha pia: bibi anayetaka aogeshwe na mwanamke ana haki hiyo, ni faragha ya mwili. Binti wa bibi anayempigia meneja kutaka "Wajerumani tu" hana haki hiyo, na meneja akibadilisha ratiba kumridhisha, hapo ndipo daftari lako linapofanya kazi.

Uliza kwenye usaili: usiku kuna wahudumu wangapi kwa wazee wangapi? Kuna nyumba mtu mmoja anabaki na wazee 40 na zaidi. Uchovu wa aina hiyo huwafanya hata wenzako wema wawe wakali, na mgeni ndiye anayekuwa karibu kupigiwa kelele.

---

MahesabuYaUzee

Pensheni. Uzee wa Ujerumani unalipiwa na wanaofanya kazi leo, ndiyo maana wanakuhitaji: mwisho wa 2023 waliotambuliwa kuhitaji utunzaji walikuwa karibu milioni 5.7, asilimia 86 wakitunzwa nyumbani, wengi wao na ndugu. Waliozaliwa miaka ya 1955 hadi 1969, kizazi kikubwa kuliko vyote, wanastaafu sasa hivi. Makadirio ya ofisi ya takwimu ya nchi hiyo yanaonyesha upungufu wa wahudumu kati ya 280,000 na 690,000 ifikapo 2049.

Kwa hiyo anayekuambia umekuja kula ustawi wao, mwonyeshe payslip. Msaidizi asiye na ujuzi uliotambuliwa, kima chake kilichoanza Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa, karibu 2,730 kwa mwezi. Humo pensheni inachukua asilimia 9.3, afya 7.3 na nyongeza ya mfuko wako, ukosefu wa kazi 1.3, utunzaji wa wazee 1.8 na 0.6 zaidi kama huna mtoto. Baada ya kodi unashika karibu euro 1,900. Bima hiyo ya utunzaji unaikata tangu mwezi wa kwanza, lakini kuitumia mwenyewe lazima uwe umechangia miaka miwili kwanza. Posho ya mtoto (mwaka 2025 ilikuwa euro 255) hailipwi kwa mtoto aliyebaki Kenya, ingawa kodi unakatwa sawa na jirani yako. Mimi naona hilo si haki, ila panga bajeti ukilijua.

Pensheni yenyewe: mwaka mmoja wa mshahara wa msaidizi unakupa takriban pointi 0.65 za pensheni (pointi moja ni mwaka wa mshahara wa wastani wa nchi), ambayo kwa thamani ya Julai 2025 (euro 40.79 kwa pointi) ni kama euro 26 kwa mwezi uzeeni. Mwaka wa muuguzi aliyetambuliwa ni kama euro 34. Lazima ufikishe miezi 60 ya michango ndipo haki ipatikane, na umri ni miaka 67. Ukiishi Kenya inakufuata.

Usipofikisha, unaweza kudai urudishiwe. Kenya haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Ujerumani, kwa hiyo mlango huo uko wazi, lakini utangoja miezi 24 baada ya kuondoka, utapata sehemu yako tu bila ile ya mwajiri, na haki zote za muda huo zinafutika. Miaka minne ya msaidizi ni karibu euro 12,190. Kama una miezi 50, tafuta miezi kumi iliyobaki badala ya kukimbilia kurudishiwa.

Tunza namba yako ya hifadhi ya jamii na karatasi ya kila mwaka ya michango. Thüringen ilikuwa Ujerumani Mashariki, na huko maelfu ya vijana wa Msumbiji walifanya kazi kati ya 1979 na 1990, sehemu ya mshahara ikizuiliwa kwa ahadi kwamba watalipwa Maputo. Wengi hawajalipwa mpaka leo, na bado wanaandamana. Wanajulikana kama Madgermanes. Tofauti yako na wao ni kwamba michango yako imeandikwa kwa jina lako katika mfuko wa Ujerumani wenyewe. Kwa hiyo kila mwaka kagua kwamba kweli imeandikwa.

---

MuuguziTabora

Na sisi wa Tanzania? Kuna wakala Dar anasema ana "nafasi 40 za wauguzi Ujerumani". Mmoja wetu ana miaka 46.

---

KaratasiKwanza

Ndugu, huyo wakala mwogope. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni ya ajira ya Ujerumani, BeschV kifungu cha 38, inazuia kuajiri wauguzi kutoka nchi hizo isipokuwa kupitia shirika la serikali la ajira, Bundesagentur für Arbeit. Wakala binafsi haruhusiwi. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo nako ni hivyohivyo. Kenya haimo, tena ina makubaliano ya uhamiaji yaliyosainiwa Berlin Septemba 2024, ingawa hayo hayana idadi ya nafasi iliyoahidiwa, wala hayalegezi masharti ya lugha na cheti.

Katazo hilo linamhusu anayewinda wauguzi, si muuguzi anayejitafutia. Mtanzania anaruhusiwa kuomba kazi mwenyewe, kwenye tovuti ya mwajiri au ya Bundesagentur, na utaratibu wa kutambuliwa ni huohuo nilioueleza juu.

Wa miaka 46 asitumie hata senti kabla ya kujua hili: aliyezidi miaka 45 akiombewa kwa mara ya kwanza kibali cha mtaalamu, lazima mshahara ufikie kiwango maalumu, mwaka 2025 kilikuwa euro 53,130 kwa mwaka, au aonyeshe pensheni ya kutosha kutoka kwingine. Kima cha chini cha muuguzi kilichoanza Julai 2025, kwa mwaka mzima, kilikuwa karibu 41,700. Maana yake aombe barua ya mwajiri yenye mshahara kamili kwanza, posho za usiku na za Jumapili zikiwa zimetenganishwa na mshahara wa msingi, aitume ZSBA waikague, ndipo alipie tafsiri ya vyeti.